"Anaongoza" kwa Watu 18: Mwongozo Kamili wa Kusoma Utafiti wa Maoni Kabla ya Mchujo Mkali

Niliwahi kuandika kichwa cha habari chenye neno "aongoza". Mhariri wangu, mama mmoja asiyependa maneno mengi, akaniuliza, "Anaongoza kwa watu wangapi?" Nikamjibu kwamba ni asilimia 3. Akasema, "Asilimia nimeiona. Nimekuuliza watu." Nikarudi mezani, nikapiga hesabu, nikakifuta kichwa changu mwenyewe. Tangu siku hiyo kila utafiti wa maoni ninaoupokea napita nao hatua hizi nitakazozieleza. Si kazi ya mtaalamu wa takwimu. Unahitaji kalamu, karatasi na subira ya nusu saa.

Tuelewane maneno kwanza. Tanzania ukisema "kura za maoni", wengi watafikiria wanachama wa chama wakichagua nani apeperushe bendera yao. Kenya neno hilohilo linatumika kwa watafiti wanaopiga simu kuuliza utamchagua nani, na pia kwa kura ya kuamua katiba. Ili tusichanganyane, humu "utafiti wa maoni" ni ule wa kuuliza watu, na "mchujo" ni uchaguzi wa ndani ya chama. Mifano yangu yote ni ya Marekani, kwa sababu huko mchujo hufanyiwa tafiti nyingi, na makosa ya watafiti yamechunguzwa hadharani.

Kwa nini mchujo uhitaji mwongozo wake? Kwenye uchaguzi mkuu, Mdemokrat humpigia Mdemokrat na Mrepublican humpigia Mrepublican. Lebo ya chama inamshika mtu. Kwenye mchujo lebo ni moja kwa wagombea wote. Mpigakura anaweza kuwapenda wawili kwa pamoja, akalala na huyu akaamka na yule, na dhamiri isimsute. Wanaojitokeza ni wachache, na hakuna anayejua kwa hakika watakuwa akina nani. Ndiyo maana tafiti za mwisho za mchujo wa urais zimekuwa zikikosea pengo kati ya wagombea kwa wastani wa takriban pointi 9, karibu maradufu ya zile za uchaguzi mkuu wa urais.

Hatua ya 1: Soma kanuni za mchujo kabla ya kusoma namba

Kila jimbo lina utaratibu wake, na utaratibu ndio unaoamua nani ana haki ya kuhesabiwa. Florida na Pennsylvania mchujo umefungwa: kama hukujiandikisha kuwa mwanachama, unabaki nyumbani. New Hampshire, aliyejiandikisha bila chama anaweza kuchagua siku hiyohiyo aingie mchujo wa chama kipi. Virginia hawaandikishi wapigakura kwa chama kabisa, kwa hiyo mlango uko wazi.

Tofauti hizi zinagusa utafiti moja kwa moja. Mchujo wa New York wa Aprili 2016 ulimtaka mpigakura anayehamia chama kingine awe amebadilisha usajili wake kufikia Oktoba 2015, zaidi ya miezi 6 kabla. Hata watoto wawili wa Donald Trump walichelewa, wakashindwa kumpigia baba yao. Sasa fikiria mtafiti anayempigia mtu simu mwezi wa Aprili na kumuuliza, "Je, wewe ni Mrepublican?" Mtu anajibu ndiyo kwa moyo wote. Daftari linasema siyo. Jibu lake limeingia kwenye asilimia, kura yake haitaingia kwenye sanduku.

Andika pia ushindi wenyewe unapimwaje. Georgia na Texas, asiyevuka nusu ya kura anaingia duru ya pili, kwa hiyo kuongoza kwa asilimia 35 hakujamaliza kitu. Kwenye mchujo wa urais wa Democratic, mgombea asiyefika asilimia 15 hapati wajumbe (wale wanaomteua mgombea wa chama kwenye mkutano wake mkuu), iwe katika jimbo zima au katika wilaya. Anayeonekana na 14 kwenye utafiti anaweza kuwa na 17 au 11, na tofauti hiyo ni kati ya kupata wajumbe na kutoka mikono mitupu. Jiji la New York nako wapigakura wa mchujo wa meya huwapanga wagombea kwa kufuata mapendeleo, na anayeondolewa kura zake huhamia kwa chaguo linalofuata, kwa hiyo swali la "chaguo lako la kwanza ni nani" hueleza nusu tu ya habari.

Hatua ya 2: Uliza nani amehesabiwa kuwa mpigakura

Hapa ndipo penye uzito wote, na ukiwa na muda wa hatua moja tu, fanya hii.

Kila ripoti ya utafiti ina mstari mmoja, mara nyingi mwishoni kwa herufi ndogo, unaosema waliohojiwa ni watu gani: watu wazima wote, waliojiandikisha, au wale wanaotarajiwa kujitokeza. Wa kwanza hawana maana kwenye mchujo. Wa pili wana maana ndogo. Wa tatu ndio unaowataka, lakini kundi hilo halipo popote duniani mpaka siku ya kura ifike. Mtafiti analitengeneza. Ama anawauliza watu kama watapiga kura, nao wengi husema watapiga hata wasipokuwa na nia. Ama anaangalia daftari kuona nani alijitokeza michujo iliyopita, halafu anawapunguza wasiojitokeza. Njia ya kwanza inaamini maneno mno. Ya pili inaamini mazoea mno.

Michigan, Machi 2016, ilionyesha inavyokuwa mazoea yanapokosekana. Wastani wa tafiti ulimpa Hillary Clinton uongozi wa pointi kama 21 juu ya Bernie Sanders. Sanders akashinda kwa pointi 1 na nusu hivi. Moja ya sababu ni ya kihistoria: mwaka 2008 Michigan ilivunja ratiba ya chama, na jina la Barack Obama halikuwepo hata kwenye karatasi ya kura. Mwaka 2012 Obama alikuwa rais anayetetea kiti, hakukuwa na mchuano. Kwa hiyo watafiti hawakuwa na mchujo wa Democratic wa karibuni wa kuwaambia wapigakura wa Michigan wanafananaje. Walibahatisha, wakawaweka wazee wengi kupita kiasi na vijana wachache kupita kiasi, na vijana ndio waliokuwa wa Sanders.

Mchezo huohuo ulijirudia kwa sura nyingine kwenye mchujo wa Democratic wa meya wa jiji la New York, mwezi Juni 2025. Tafiti nyingi zilimweka mbele Andrew Cuomo, gavana wa zamani. Zohran Mamdani akamshinda tangu hesabu ya kwanza kwa pointi kama 7, kisha kwa takriban 56 kwa 44 baada ya mapendeleo kuhesabiwa. Waliokuwa hawana rekodi ya kupiga kura kwenye mchujo walijitokeza. Daftari linawajua waliokuja jana. Haliwajui watakaokuja kesho kwa mara ya kwanza.

Fanya jaribio hili kwenye karatasi yako, linafundisha kuliko maelezo yangu. Chukua mgombea A na B. Tuseme walio chini ya miaka 45 wanampa B asilimia 60, na walio juu ya hapo wanampa A asilimia 58. Usibadilishe majibu ya mtu hata mmoja. Badilisha tu dhana yako ya nani atakuja. Kama vijana watakuwa asilimia 30 ya wapigakura, A anapata 52.6 na anashinda kwa raha. Kama watakuwa asilimia 45, A anapata 49.9 na B anapata 50.1. Majibu yaleyale, mshindi mwingine.

Ukikuta utafiti umechapisha jedwali la umri, jinsia, rangi na elimu ya waliohesabiwa, utazame kwa jicho hilo. Linganisha na mchujo uliopita wa jimbo hilo. Ukikuta utafiti wa mchujo hauna jedwali hilo kabisa, mimi huuweka pembeni, hata kama unamtaja mbele mgombea ninayempenda. Hasa kama unamtaja yeye.

Hatua ya 3: Geuza asilimia ziwe watu

Tuseme ripoti inasema: waliohojiwa 600, A ana asilimia 44, B ana 41, wengine 3, hawajaamua 12. Zidisha.

A: watu 264.
B: watu 246.
Wagombea wengine: watu 18.
Hawajaamua: watu 72.

Pengo linalotangazwa redioni ni watu 18. Watu 9 wakibadili jibu kutoka A kwenda B, wagombea wanakuwa sawa. Na nyuma ya mlango wapo 72 ambao hawajasema kitu, mara nne ya pengo lenyewe. Hii ndiyo hesabu aliyonilazimisha mhariri wangu kuifanya.

Sasa kiwango cha makosa. Kanuni ya haraka: chukua 1, igawe kwa kipeuo cha pili cha idadi ya waliohojiwa. Kwa watu 600 unapata kama 0.04, yaani pointi 4 juu au chini. Kwa 1,000 ni kama 3. Kwa 400 ni 5. Utaona kwamba ili kupunguza makosa nusu lazima uhoji watu mara nne, na ndiyo sababu tafiti nyingi za majimbo huishia kwenye mamia.

Wengi hujikwaa hapa: zile pointi 4 ni za kila mgombea peke yake. Pengo kati yao lina kiwango chake, na ni karibu maradufu, kwa sababu A akipungua mara nyingi ni B anayeongezeka. Kwa mfano wetu inakuwa kama pointi 7.4. Uongozi wa 3, basi, unaweza kuwa A yuko mbele kwa zaidi ya 10 au yuko nyuma kwa zaidi ya 4. Ukitaka kulisema kwa kamari, namba hizo peke yake zinampa A nafasi kama 4 kati ya 5 za kuwa mbele kweli. Si haba. Lakini hiyo ni kama sampuli ingekuwa ya bahati nasibu tupu na kila kitu kingine kikiwa sahihi, jambo ambalo hatua ya 2 imeshatuonyesha si la kutegemea.

Kiwango cha makosa kinapima kosa moja tu: bahati ya kuwapata hawa badala ya wale. Hakipimi waliokataa kupokea simu, waliodanganya, wala dhana mbaya ya nani atajitokeza. Watafiti wa takwimu waliopitia maelfu ya tafiti za majimbo ya Marekani za 1998 hadi 2014 walikuta kosa halisi ni kama maradufu ya lile linalotangazwa. Kwa hiyo mimi huzidisha kwa mbili, bila aibu.

Na usisome vikundi vidogo. Ripoti ya watu 600 ikikuambia wanawake vijana wa vijijini wamehamia kwa B, uliza ni wangapi. Wakiwa 40, kiwango cha makosa kinakaribia pointi 16. Hiyo ni porojo yenye koma na nukta.

Hatua ya 4: Tazama tarehe, siku kwa siku

Tarehe ya kuchapishwa haina kazi. Unataka tarehe za kuhoji. Utafiti uliotoka Jumatatu huenda ulipiga simu Alhamisi hadi Jumamosi, na kwenye mchujo siku mbili zinaweza kupindua mambo.

Iowa, Januari 2012, Republican. Utafiti wa mwisho wa gazeti la Des Moines Register ulihoji watu siku nne mwishoni mwa Desemba. Kwa ujumla ulimweka Mitt Romney na 24, Ron Paul 22, Rick Santorum 15. Lakini gazeti lilichapisha pia siku mbili za mwisho peke yake, na humo Santorum alikuwa ameruka hadi 21 na kumpita Paul. Aliyesoma jumla alimwona mtu wa tatu. Aliyesoma siku aliona mtu anayekimbia. Usiku wa matokeo Romney alitangazwa mbele kwa kura 8. Hesabu rasmi ilipokamilika, Santorum alikuwa ameshinda kwa kura 34.

New Hampshire ya 2008 ndiyo iliyowaumiza watafiti zaidi. Obama alishinda Iowa tarehe 3 Januari. Siku tano baadaye New Hampshire ikapiga kura, na wastani wa tafiti za mwisho ulimpa uongozi wa pointi kama 8. Clinton akashinda, takriban 39 kwa 36. Watafiti waliona haya kiasi kwamba chama chao cha kitaaluma, AAPOR, kiliunda kamati ya kuchunguza, na ripoti ikatoka 2009. Wengi walikuwa wameshaandaa jibu: wazungu wamewadanganya watafiti kwa kuogopa kuonekana wabaguzi. Kamati haikupata ushahidi wa hilo. Iliona mambo ya kawaida zaidi. Tafiti ziliacha kuhoji mapema, wakati Obama bado anapepea na upepo wa Iowa. Waliokuwa wagumu kupatikana kwa simu walielekea zaidi kwa Clinton, na wengi walipigiwa mara moja au mbili wakaachwa. Hata mpangilio wa majina kwenye karatasi ya kura ulitajwa: mwaka huo majina yalipangwa kwa alfabeti kuanzia herufi iliyopigiwa bahati nasibu, na Clinton akawa karibu na juu, Obama karibu na chini.

Jambo linalonifurahisha katika kisa hiki ni upande wa pili. Jimbo lilelile, siku zilezile, watafiti walewale walimwona sawasawa John McCain akishinda upande wa Republican. Simu zilifanya kazi, na wahojaji walikuwa ni wale wale. Kilichoharibika ni mchuano mmoja uliokuwa bado unasogea wakati kamera imeshapiga picha.

Kwa vitendo: chora mstari wa siku kwenye karatasi yako. Weka alama ya mdahalo, ya mgombea aliyejitoa, ya kiongozi mzito aliyetangaza anamuunga mkono nani. Tafiti zilizohoji kabla ya alama hizo ziwekee mabano. Mwaka 2020 mbunge Jim Clyburn alimuunga mkono Joe Biden siku tatu kabla ya mchujo wa South Carolina wa Februari 29, na Biden akashinda kwa pengo kubwa kuliko tafiti zilivyokuwa zimeonyesha. Kufikia Machi 2 Pete Buttigieg na Amy Klobuchar walikuwa wamejitoa, na tarehe 3 majimbo 14 yakapiga kura. Utafiti wowote wa juma lililotangulia ulikuwa umepitwa kabla wino haujakauka. Wakati huohuo California kulikuwa na watu waliokwisha kutuma kura zao kwa posta kwa wagombea ambao hawakuwepo tena. Kwa hiyo angalia pia kura za mapema zilianza lini: mabadiliko ya dakika za mwisho hayawafikii waliokwisha kupiga.

Hatua ya 5: Chungulia jikoni

Watu walipatikanaje? Kwa simu, kwa ujumbe mfupi, au kwenye jopo la intaneti? Simu za mezani peke yake siku hizi hukupa sauti za wazee. Kituo cha utafiti cha Pew kiliona mwitikio wa tafiti zake za simu ukishuka kutoka asilimia 36 mwaka 1997 hadi 6 mwaka 2018. Yaani kati ya namba 100, 94 haziishii kwenye mahojiano. Wale 6 wanapaswa kuwasemea wote, na hawafanani na wote.

Ndipo watafiti huyapa majibu uzito: vijana wakiwa pungufu, jibu la kijana mmoja linahesabiwa kama la mmoja na nusu, na kadhalika. Hakuna ubaya, bila hilo tafiti nyingi zisingefaa kabisa. Ila kila uzito ni uamuzi wa mtu. Septemba 2016 New York Times ilifanya jambo la uungwana: ilichukua majibu ya wapigakura 867 wa Florida, ikawapa timu nne nyingine za wataalamu ziyachakate zenyewe. Ukijumlisha na hesabu ya gazeti, yakatoka majibu matano, kuanzia Clinton mbele kwa 4 hadi Trump mbele kwa 1. Watu walewale, maneno yaleyale. Hao ni wapishi waaminifu. Wasio waaminifu sitaki hata kuwafikiria.

Soma na swali lenyewe. Je, wagombea wote walitajwa? Mpangilio wa majina ulibadilishwa kwa kila anayehojiwa? Februari 2020 Des Moines Register na washirika wake waliufuta utafiti wao wa mwisho wa Iowa muda mfupi kabla ya kuutangaza, kwa sababu mhojiwa alilalamika kwamba hakusomewa jina la Buttigieg. Taarifa zilieleza kwamba mhojaji alikuwa amekuza herufi kwenye kompyuta yake, na jina moja likadondoka nje ya kioo. Kazi yote ikatupwa kwa ajili ya ukubwa wa herufi. Mimi nilizidi kuwaamini baada ya hapo.

Hatua ya 6: Nani kalipa?

Fupi hii. Utafiti wa ndani wa kambi ya mgombea hautolewi nje ila ukiwa na faida kwa aliyeutoa. Kambi ikipata habari mbaya, inakaa kimya. Kwa hiyo hata kama kila utafiti wa ndani ungefanywa kwa uaminifu, wewe unaona tu wale waliofaulu usaili. Na wakati mwingine kambi inajidanganya yenyewe. Mwaka 2014 utafiti wa Eric Cantor, kiongozi wa walio wengi bungeni, ulimwonyesha akiongoza mchujo wa Republican wilayani kwake Virginia kwa pointi 34. Alishindwa na Dave Brat kwa 11. Waliojitokeza walikuwa kama 65,000, wakati mchujo wa 2012 walikuwa kama 47,000. Tunarudi palepale pa hatua ya 2.

Hatua ya 7: Chukua wastani, lakini ujue usichoweza kukifanya

Usichague utafiti unaokupendeza. Kusanya zote za wiki mbili za mwisho zilizopita hatua zilizotangulia, toa wastani, na taasisi iliyotoa tafiti tatu ihesabiwe mara moja, kwa ule wa mwisho. Wastani hupunguza makosa ya bahati.

Haupunguzi makosa ya pamoja. Kama watafiti wote hawawapati vijana, kuwajumlisha kumi ni kulirudia kosa moja mara kumi. Michigan wastani ulionekana mzuri, kumbe wote walikosea upande mmoja. Tena, ukiona tafiti za mwisho zote zimesongamana kwenye namba moja, 3, 3, 4, 3, usifurahi. Bahati nasibu haina nidhamu hiyo. Tafiti tano za watu 600 zinapaswa kutawanyika. Zisipotawanyika, huenda mtu anamchungulia jirani kabla ya kujibu mtihani.

Utafiti unaosimama peke yake mbali na wengine usiutupe, uandike pembeni na sababu yake. New York 2025, taasisi ya utafiti ya Emerson ilikuwa miongoni mwa wachache walioonyesha kwamba mapendeleo yakishahesabiwa Mamdani angempita Cuomo mwishoni. Wengi waliuona kama mkengeuko.

Hatua ya 8: Andika utabiri wako, kisha ujisahihishe

Siku moja kabla ya kura, andika sentensi tatu kwa mkono. Ya kwanza: pengo kwa wastani, na masafa yake. Kwenye mchujo mimi huweka pointi 9 kila upande, na aliye mbele kwa 3 namwandikia "kati ya kushindwa kwa 6 na kushinda kwa 12". Ya pili: wasioamua ni mara ngapi ya pengo. Ya tatu: kama tafiti zimekosea, zitakuwa zimekosea kwa sababu ya nani. Sentensi ya tatu ndiyo ngumu na ndiyo yenye thamani. "Zimewakosa waliojiandikisha mwezi uliopita." "Zilihoji kabla ya mdahalo." Ukishindwa kuijaza, hujausoma utafiti, umesoma kichwa cha habari. Na kama ni wewe unayeandika kichwa hicho, "wakabana koo" ni maneno mawili kama "A aongoza", hayachukui nafasi zaidi ukurasani.

Matokeo yakitoka, yapime kwa haki. Utafiti uliosema 44 kwa 41 na matokeo yakawa 50 kwa 47 haukukosea pointi 6 kwa kila mmoja. Waliokuwa hawajaamua wamegawanyika na pengo limebaki lilelile, hiyo ni kazi nzuri. Uliosema 48 kwa 47 na B akashinda 48 kwa 47 umemkosa mshindi lakini umekosea pengo kwa pointi 2, na kwenye mchujo hiyo ni kazi nzuri zaidi kuliko ya yule aliyesema A atashinda kwa 15, akashinda kwa 2, akapigiwa makofi. Andika kosa la kila taasisi pembeni ya jina lake, pamoja na upande lilikoelekea. Weka karatasi hiyo kwenye jalada. Jimbo linalofuata linapiga kura wiki ijayo, na watafiti wengi watakuwa ni hawahawa.